Kiasi cha Baruti: Historia ya Uchaguzi Mmoja

0. Utangulizi

Katika ukoo wetu alikuwapo mjomba mmoja aliyewinda katika bonde la Lufira kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Bunduki yake ilikuwa gobore la kushindiliwa kwa mdomo, na mti wake ulikuwa umefungwa kwa nyaya za shaba. Baruti aliipima kwa kipande cha mwanzi alichokikata mwenyewe alipokuwa kijana. Mwaka 1999, vita vikiwa vimefunga njia, baruti nyeusi ilikosekana masokoni, lakini kartushi za askari ziliokotwa kila mahali. Mjomba alifungua chache, akamimina baruti yake katika mwanzi uleule, akaujaza mpaka kwenye alama ileile, akashindilia kama siku zote. Alipofyatua, kasiba ilipasuka. Alipona, lakini mkono wake wa kushoto ulibakiwa na vidole viwili.

Kijijini sababu nyingi zilitolewa. Wengine walitaja wivu wa jirani, wengine uzee wa bunduki. Mzee mwenyewe alikuwa na swali moja tu, ambalo alinirudia nalo mara nyingi: ikiwa kipimo kilikuwa kilekile, kosa lilikuwa wapi?

Insha hii ni jaribio la kumjibu. Jibu lenyewe ni fupi: mjomba hakukosea kupima, alikosea kuchagua. Baruti aliyoizoea na baruti aliyoikuta ndani ya kartushi ni vitu viwili mbalimbali ambavyo lugha yetu inaviita kwa jina moja. Lakini ili tuelewe kwa nini mwindaji hodari wa mwisho wa karne ya 20 hakuijua tofauti iliyokuwapo tangu mwaka 1884, hatuna budi kufuata historia ndefu zaidi, ambayo inapitia Bunkeya, Zanzibar, Brussels na Paris. Tutaona kwamba uchaguzi wa baruti, ambao zamani ulikuwa ujuzi wa mkono wa kila mpiga bunduki, uliondolewa mkononi mwake kwa njia mbili: sheria na kiwanda.

1. Maneno yanayotunza historia

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefungua kamusi za zamani hukuta kwamba neno kiasi lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza tunaijua sote: kadiri, kipimo. Ya pili imekwisha sahauliwa na wengi: kiasi cha bunduki, yaani baruti na risasi ya kupigia mara moja, vilivyokwisha pimwa na kufungwa pamoja. Kabla watu wa kwetu hawajachukua neno la Kifaransa na kusema kartushi, Kiswahili kiliita kitu hicho kwa jina la kipimo chake.

Maneno mengine ya ufundi huu nayo yana asili inayofundisha. Baruti, risasi, kasiba na kiberiti yametoka katika Kiarabu. Risasi kwanza ni jina la madini mazito yanayoyeyuka upesi. Kasiba kwanza ni unyasi wenye uwazi ndani. Kiberiti, kabla hakijawa kijiti cha kuwashia moto, ni madini ya manjano yanayochanganywa katika baruti. Neno bunduki lenyewe linatokana na jina la tunda dogo lenye ganda gumu, ambalo baadaye lilikuwa jina la kidonge cha kurushwa. Lakini vitendo vyote ni vya Kibantu: kushindilia, kulenga, kufyatua, kupiga. Vitu vililetwa na wafanyabiashara. Kazi ya mkono ilitajwa kwa maneno ya nyumbani. Huu ni ushahidi mdogo, lakini ni ushahidi, kwamba waliopokea bunduki hawakuwa watazamaji tu. Waliingiza ufundi huo katika lugha yao, na kiini cha ufundi huo kilikuwa kipimo.

2. Baruti nyeusi na ujuzi wa mkono

Baruti nyeusi ilijulikana kwanza nchini China, karibu na karne ya 9. Katika karne ya 13 ilikuwa imefika katika nchi za Kiislamu na Ulaya. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa ya miti na kiberiti. Uwiano uliokubaliwa mwishowe na viwanda vingi ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti.

Hapo mwanzo vitu hivyo vilisagwa kuwa unga na kuchanganywa vikavu. Unga huo ulikuwa na kasoro mbili. Katika safari vitu vizito na vyepesi vilitengana, na katika kasiba unga ulishikamana hata moto ukashindwa kupita. Katika karne ya 15 mafundi wa Ulaya walianza kuulowesha, kuukandamiza, kisha kuuvunja kuwa chembe na kuzichuja kwa ukubwa. Tangu hapo kuchagua baruti kulikuwa, kwanza kabisa, kuchagua chembe. Chembe ndogo zina uso mkubwa wa kushika moto kwa uzito uleule, hivyo huwaka upesi. Chembe kubwa huwaka polepole. Bastola na kibakuli cha bunduki ya gumegume vilitaka chembe ndogo. Bunduki ndefu ilitaka za wastani. Mzinga ulitaka kubwa. Karibu na mwaka 1860 Mmarekani Thomas Rodman alifikia hatua ya kutengeneza vipande vikubwa vilivyotobolewa matundu, ili uso unaowaka uzidi kukua ndani ya mzinga badala ya kupungua.

Baruti hii ina tabia tatu ambazo mpiga bunduki alipaswa kuzijua. Kwanza, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hubaki kuwa moshi mzito na masizi, ambayo hunasa unyevu na kuila kasiba kama haikuoshwa. Pili, ikilowa haifai. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, kasi ya kuwaka kwake hubadilika kidogo tu gesi inapobanwa. Kwa hiyo baruti nyeusi ni yenye kusamehe. Mtu akizidisha kidogo, bunduki itarudi nyuma kwa nguvu na kumwumiza bega, lakini kwa kawaida haitapasuka. Ndiyo maana iliwezekana kuipima kwa pembe, kwa mwanzi, hata kwa kiganja. Wawindaji wa zamani wa Ulaya na Marekani walikuwa na kanuni ya kuweka risasi katikati ya kiganja na kumimina baruti mpaka ifunikwe. Hicho kilikuwa kiasi cha kuanzia, na baadaye kila mtu alikirekebisha kwa kuisikiliza bunduki yake.

Wasafiri wa Kizungu waliopita Afrika ya Kati katika karne ya 19 waliwacheka wapiga bunduki wa nchi kwa kumimina baruti nyingi kupita kiasi. Tunadhani kicheko hicho hakikuwa na haki. Baruti iliyoletwa kwa biashara ilikuwa ya daraja la chini, na ilikuwa imepita miezi katika mvua na jua juu ya vichwa vya wapagazi. Mtu mwenye baruti dhaifu hana njia ila kuongeza kiasi. Kilichoonekana kuwa ujinga kilikuwa jibu la mtu aliyeichunguza bidhaa aliyouziwa.

3. Njia za baruti

Msiri, mwana wa Kalasa, alitoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi, akajikita Garenganze katikati ya karne ya 19 na kuufanya mji wa Bunkeya kuwa makao makuu ya dola ya Wayeke. Nguvu ya dola hiyo ilisimama juu ya njia mbili. Njia ya mashariki ilikwenda hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Njia ya magharibi ilipita kwa Waovimbundu wa Bihe hadi Benguela kwenye Atlantiki. Pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilitoka. Nguo, bunduki na baruti viliingia.

Ni desturi ya wanahistoria kuhesabu bunduki. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza katika Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipitia huko kila mwaka. Hesabu hiyo ni ya kutisha, lakini huenda inatupeleka mbali na jambo lenyewe. Bunduki moja hudumu miaka, na mhunzi wa nchi aliweza kuitengeneza ikivunjika. Risasi iliweza kubadilishwa kwa chuma au shaba, madini ambayo mafundi wetu waliyajua vizuri kuliko mtu yeyote. Jiwe la gumegume ni jiwe. Lakini baruti huisha kila inapotumika, na haikufuliwa kwa mhunzi. Bunduki elfu bila baruti ni rundo la fimbo. Hivyo aliyeshika njia ya baruti ndiye aliyekuwa ameshika vita, hata kama hakuwa na bunduki hata moja.

Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alilijua hilo. Katika mapatano yaliyofanywa Zanzibar mwezi Februari 1887 aliahidi kumpatia Stanley wapagazi 600 kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha, na Stanley kwa upande wake akaahidi kuwapa watu hao zana za kupigia. Wapagazi walipochelewa kufika na Stanley akamtuhumu kwa hiana, Tippu Tip alijibu kwamba baruti iliyoahidiwa haikufika. Wasimulizi wengi wameyachukua maneno hayo kuwa kisingizio. Mtu anayejua kazi ya gobore hatayadharau upesi: kumtuma mtu mwituni na bunduki isiyo na baruti ni kumtuma afe.

Kwa Msiri mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1891 Wasanga walimwasi, na vita hivyo vilitikisa biashara iliyomlisha. Dola inayopigana na waasi hutumia baruti nyingi wakati uleule njia za kuipata zinapokuwa za shida. Ni katika hali hiyo kikosi cha kapteni Stairs, chenye wapagazi wengi kutoka pwani ya Kiswahili, kilipofika Bunkeya Desemba 1891. Tarehe 20 mwezi huo Msiri aliuawa kwa risasi ya kapteni Bodson, ambaye naye alipigwa papo hapo akafa. Garenganze ikaingizwa katika Dola Huru ya Kongo.

4. Mkataba wa Brussels: baruti ya watawaliwa na baruti ya watawala

Mwaka mmoja na nusu kabla ya kifo cha Msiri, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Vifungu vyake kadhaa vilihusu silaha. Katika eneo lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, kutoka bahari hadi bahari, ilikatazwa kuingiza bunduki na zana zake, hasa bunduki zenye mifereji ndani ya kasiba, ila kwa idhini na chini ya uangalizi wa serikali. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida iliyoitwa baruti ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa, nazo chini ya masharti.

Hatukatai kwamba biashara ya watumwa ilistahili kukomeshwa, wala kwamba bunduki zilikuwa chombo chake. Lakini msomaji atazame namna mpaka ulivyochorwa. Mkataba haukutenga bunduki na kutokuwa na bunduki. Ulitenga aina mbili za bunduki na aina mbili za baruti. Upande mmoja aliwekwa mtu wa nchi, na gumegume lake na baruti ya daraja la chini. Upande wa pili aliwekwa askari wa serikali, na kartushi ya kiwandani. Tangu siku hiyo uchaguzi wa baruti, ambao ulikuwa jambo la soko na la ujuzi, ulifanywa jambo la sheria. Mwafrika alichaguliwa baruti yake katika chumba cha mkutano ambamo hakuwamo.

5. Paris, 1884: baruti inayobadilisha jina lake

Wakati mkataba huo unaandikwa, Ulaya yenyewe ilikuwa imekwisha badilisha baruti. Habari hii ilianza mwaka 1846, Christian Schönbein wa Basel alipogundua kwamba pamba iliyotiwa katika asidi kali huwaka kwa nguvu kubwa bila moshi. Furaha ilikuwa fupi. Mwaka uliofuata kiwanda cha Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua watu wengi. Pamba hiyo iliwaka upesi mno. Haikuwa inasukuma risasi bali inavunja bunduki.

Ilichukua karibu miaka arobaini kuifuga. Mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille aliiyeyusha pamba hiyo kwa etha na alkoholi mpaka ikawa kama uji mzito, akaitandaza, akaikausha na kuikata vipande vidogo vyembamba. Sasa kila kipande kiliwaka kwa utaratibu, kutoka juu kwenda ndani, na mwendo wake ukatawalwa kwa unene wake. Mwaka 1886 jeshi la Ufaransa lilipokea bunduki ya Lebel ya milimita 8, iliyojengwa kwa ajili ya baruti hiyo. Mwaka 1887 Alfred Nobel alitengeneza balistiti, akiunganisha pamba hiyo na nitrogliserini. Mwaka 1889 Waingereza Abel na Dewar walifuata na kordaiti, iliyosukumwa kuwa nyuzi kama tambi: sehemu 58 za nitrogliserini, 37 za pamba na 5 za vaselini.

Kwa uzito uleule baruti mpya ilikuwa na nguvu takriban mara tatu ya ile nyeusi. Lakini tofauti kubwa haikuwa nguvu, ilikuwa tabia. Baruti isiyo moshi huwaka upesi zaidi kadiri inavyobanwa zaidi. Gesi huongeza shinikizo, shinikizo huongeza mwendo wa moto, nao moto huongeza gesi. Ndani ya chumba cha chuma imara, kwa kipimo sahihi, mzunguko huo hukoma risasi inapotoka. Kipimo kikizidi, au kasiba ikiwa dhaifu, haukomi mpaka kitu kipasuke. Baruti mpya haisamehi.

Hata waliokuwa na viwanda walijifunza hivyo kwa gharama. Waingereza walipotia kordaiti katika bunduki ya Lee-Metford, ambayo mifereji yake mifupi ilichongwa wakati wa baruti nyeusi, joto liliila mifereji hiyo upesi, na mwaka 1895 wakalazimika kuchukua mifereji mirefu zaidi iliyoitwa ya Enfield. Mwaka 1901 wakapunguza nitrogliserini mpaka sehemu 30. Wafaransa nao waliona kwamba baruti yao, ikikaa ghalani miaka mingi, huoza na kujiwasha: manowari Iéna ililipuka katika bandari ya Toulon mwaka 1907, na Liberté mwaka 1911, mamia ya watu wakafa. Na wawindaji wa Kizungu walioleta bunduki kubwa Afrika na India waliona kwamba kipimo kilichofaa katika baridi ya Uingereza kilizidi chini ya jua la tropiki. Viwanda vikawatengenezea kartushi za nchi za joto, zenye kordaiti iliyopunguzwa.

Tunayataja haya ili mtu asidhani kwamba ajali ya mjomba ilikuwa ya mtu wa kijijini asiyesoma. Makosa kama hayo yaliwapata maamiri na wahandisi. Tofauti ni kwamba wao waliandikiana ripoti na kujifunza, wakati watu wa kwetu waliwekwa nje ya maktaba hiyo.

6. Kiasi kinachohesabiwa

Jeshi la Dola Huru ya Kongo, lililojulikana kwa jina la Force Publique, lilipewa bunduki ya Albini ya milimita 11. Baruti yake ilikuwa bado nyeusi, lakini ilikuwa imefungwa katika ganda la shaba na kutiwa kwa nyuma ya bunduki. Katika vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Maniema, ganda hilo lilikuwa faida kubwa. Mwenye gobore alisimama, akapima, akashindilia, na mvua ikinyesha baruti yake ikalowa. Mwenye Albini alifungua, akatia, akafunga.

Lakini ganda la shaba lilileta jambo jingine ambalo historia yetu haiwezi kulipita. Baruti iliyo ndani ya pembe haihesabiki. Hakuna bwana awezaye kujua mtumishi wake amepiga mara ngapi. Kartushi inahesabika. Katika utawala wa mpira, askari walipewa kartushi kwa hesabu na kutakiwa kuthibitisha kwamba hakuna iliyopotea bure. Uthibitisho ulikuwa mkono wa kulia uliokatwa kwa maiti. Aliyetumia kartushi kuwinda nyama aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie. Ripoti ya konsuli Roger Casement, iliyochapishwa mwaka 1904, pamoja na ushuhuda wa wamisionari, ilifanya mambo hayo yajulikane duniani. Neno kiasi, lililokuwa ujuzi wa mwindaji, lilikuwa limegeuka daftari la mtawala.

Vita vya 1914 vilipofika Afrika ya Mashariki, mpaka ule wa baruti uliowekwa juu ya Waafrika uliwarudia waliouweka. Sehemu kubwa ya askari wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, na wengi wa Force Publique walikuwa bado na Albini. Baruti nyeusi iliyoonekana kuwatosha Waafrika ilitoa wingu jeupe kila risasi ilipotoka, na adui akajua mahali pa kulenga. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, moja ya faida kubwa za Wajerumani ilikuwa mamia ya bunduki mpya walizowateka Waingereza. Wabelgiji nao walianza kuwapa askari wao silaha za baruti mpya, na Septemba 1916 Force Publique iliingia Tabora.

7. Ujuzi uliorudi, na ambao haukurudi

Kwingine duniani uchaguzi wa baruti ulirudi mikononi mwa watu. Hasa Marekani, wawindaji na walenga shabaha huokota maganda yao ya shaba, huweka fataki mpya, baruti na risasi, na kujipatia kartushi ya bei nafuu iliyo sawa na bunduki yao. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti iliyobaki katika maghala ya jeshi na kuwauzia watu hao. Moja ya baruti hizo, yenye namba 4831, ilikuwa imetengenezwa kwa mzinga mdogo wa milimita 20. Iliwaka polepole mno kwa bunduki nyingi za kawaida, lakini ilifaa sana katika kartushi kubwa zenye risasi nzito.

Mfano huo unaonyesha kanuni yote. Hakuna baruti iliyo bora yenyewe. Kartushi ndogo hutaka baruti ya upesi, inayomaliza kuwaka kabla risasi haijatoka. Ganda kubwa lenye risasi nzito hutaka baruti ya polepole, isiyopandisha shinikizo kabla risasi haijaanza kwenda. Mjazaji huangalia upana wa kasiba, ujazo wa ganda, uzito wa risasi na urefu wa kasiba, ndipo achague. Hupima kwa mizani, wala si kwa macho. Huanza chini ya kiwango kilichoandikwa katika vitabu vya viwanda, akapanda kidogo kidogo. Wala hatumii baruti asiyoijua jina lake, maana rangi na umbo la chembe havitoshi kuitambulisha.

Kwetu vitabu hivyo havikuja. Katika wakati wa ukoloni na baada yake, mtu wa kijiji aliyeruhusiwa bunduki alikuwa kwa kawaida mtu wa gobore la fataki. Ujuzi wake ulibaki ule wa kabla ya 1884, kamili katika mambo yake, lakini umefungiwa humo. Kisha vita vya 1996 na 1998 vilimwaga kartushi katika nchi, bila neno la maelezo.

Sasa tunaweza kuurudia mwanzi wa mjomba. Kartushi ya milimita 7.62 ya bunduki ya Kalashnikov hubeba takriban gramu 1.6 tu za baruti isiyo moshi, nayo hufungiwa katika chumba cha chuma kilichopimwa kiwandani. Ili kuujaza mwanzi wake mzee alihitaji kufungua kartushi kadhaa, na hilo peke yake lingekuwa onyo kwa mtu aliyeambiwa. Alitia kiasi cha kartushi kadhaa katika bomba lililotengenezwa kwa baruti yenye nguvu ya theluthi moja. Hata angetia kidogo zaidi asingekuwa salama, maana gobore halina kipimo cha baruti isiyo moshi: si nusu, si robo.

8. Hitimisho

Tumeona hatua tatu. Katika ya kwanza, kiasi kilikuwa cha mpiga bunduki mwenyewe, na baruti dhaifu ya biashara aliisahihisha kwa uzoefu. Katika ya pili, mkataba wa 1890 uliamua nani atumie baruti gani. Katika ya tatu, kiwanda kilikificha kiasi ndani ya ganda la shaba, na maelezo yake yakabaki kwa wenye viwanda. Neno letu baruti halikubadilika katika hatua zote tatu, na umoja huo wa jina ndio uliomdanganya mzee.

Yapo mambo mawili ambayo idara za Kiswahili zinaweza kufanya. La kwanza ni kukusanya, kabla wazee hawajaondoka, maneno ya wawindaji wa Katanga, Maniema na Kivu juu ya bunduki, baruti na vipimo, kwa maana humo mna historia isiyoandikwa katika nyaraka za serikali. La pili ni kuipa lugha tofauti inayokosekana. Tunapendekeza kwamba katika mafunzo na matangazo kwa Kiswahili isisemwe kamwe baruti peke yake, bali baruti nyeusi na baruti ya kartushi, ili anayesikia ajue mara moja kwamba ni vitu viwili.

Nilipomweleza mjomba haya, alisikiliza mpaka mwisho, akauchukua mwanzi wake, akaugeuzageuza katika mkono uliosalia mzima. Akasema kwamba angeambiwa neno moja tu la ziada mwaka ule, angelala njaa siku hiyo na kubaki na vidole vyake.